Miche Mipya ya Maua: Uliza Kabla Hujalipa

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakulima wa Sachangwan

 

Viazi na njegere mnazijua kuliko mimi. Leo nazungumzia maua ya kukatwa, kwa kuwa wengi wenu mnataka kuyajaribu.

Aina mpya hutoka wapi? Mtaalamu huchukua chavua ya waridi moja, akaitia kwenye jingine, akangoja mbegu na kuzipanda. Kila mche huota tofauti, kama watoto wa nyumba moja. Kati ya maelfu huchaguliwa michache tu: yenye shina refu, isiyoshikwa upesi na ukungu, ambayo maua yake yatavumilia safari hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, na bado yakae siku nyingi kwenye chombo. Hiyo ni kazi ya miaka. Ua linalofaa likipatikana, haliongezwi tena kwa mbegu bali kwa vipandikizi, ndiyo maana shamba zima hufanana.

Lakini kipandikizi ni rahisi kuiba. Kisu kimoja chatosha. Kwa sababu hiyo, mwaka 1999 Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Sheria yetu ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, humpa mwenye aina mpya haki juu yake. KEPHIS huisajili ikithibitika kuwa ni mpya, ni tofauti na nyingine, mimea yake inafanana, na haibadiliki ikizalishwa tena. Anayetaka kuikuza kwa biashara hupata leseni na kulipa mrabaha.

Je, hayo yanamhusu vipi mwenye robo ekari? Ukinunua vipandikizi vya aina iliyolindwa kwa mtu asiye na leseni, yeye huondoka na pesa zake. Wewe umelima, umetia mbolea, umelipa vibarua, kisha siku ya kuvuna mnunuzi anakuuliza karatasi. Maua hayo yanaweza kuzuiwa hapa au Ulaya. Nayo maua hayangoji kesi iishe, hunyauka.

Si kila ua lina mwenyewe. Haki hizi zina mwisho, na aina ambazo ulinzi wake umekwisha hukuzwa bila mrabaha. Usikubali kutozwa ada ya leseni kwa ua ambalo halina mlinzi.

Jambo jingine ni mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Sisi tuko juu zaidi, na baridi yetu mnaijua. Waridi kwenye baridi hukua polepole, lakini huwa na kichwa kikubwa na shina refu. Aina iliyomtajirisha mtu wa Naivasha huenda isikulipe hapa. Omba kuiona ikiwa shambani, mahali penye hali ya hewa kama yetu.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa shilingi, uliza haya manne. Aina hii inaitwaje, na imelindwa? Leseni iko wapi? Imejaribiwa kwenye mwinuko gani? Nani atanunua maua, na mkataba umeandikwa? Jibu likiwa ni "usijali, soko lipo", rudi nyumbani na pesa zako.

Serikali ya kaunti haitoi leseni za aina za maua. Hiyo ni kazi ya KEPHIS, na wana ofisi Nakuru. Sisi tuna maafisa wa kilimo nyanjani. Mwoneni afisa wa wadi yenu mkiwa na jina la ua na jina la muuzaji, kabla ya kulipa. Akiwa hana jibu, atawaelekeza KEPHIS. Safari hiyo ni nafuu kuliko kung'oa robo ekari ya maua yasiyo na mnunuzi.

 Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.