Kabla ya Kwenda Ruma

Wageni hutoka mbali kuja kuona Ruma, na sisi tulio jirani, wa Mbita, Rusinga na Sindo, wengi wetu hatujaingia hata siku moja. Hilo linaniuma.

Sehemu ya Bonde la Lambwe ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Eneo lake ni kilomita 120 za mraba, na maji ya bonde hili huteremka hadi Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunamoteka maji na kuvua.

Mwenye mbuga ni korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, masikio marefu kama ya punda. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15 tu nchini Kenya nzima, na makao yao ni hapa. Kumi na tano! Darasa moja la shule zetu lina watoto wengi kuliko hao. Basi ukimwona, zima injini, mtazame, usimfuate.

Mbung'o wapo. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki, mikono mirefu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Beba ya chuma. Anayetafuta mbayuwayu buluu aende kati ya Aprili na Septemba, atazame juu ya nyasi ndefu, asubuhi.