Gauni Likiwa Fupi

Wasikilizaji wetu, binti akirefuka, gauni lake likapanda juu ya magoti, baadhi yetu humweka nyumbani kwa haya, asiende shuleni. Tusifanye hivyo, sindano na uzi vyatosha.

Kwanza tufumue upindo wa zamani, tuupige pasi. Kisha tutwae kitambaa cha pamba, tukifue kabla ya kukikata, maana kikiwa kipya hurudi majini. Tukate ukanda wa upana wa inchi 5, tuushone chini ya gauni pande zote: nusu inchi yaingia katika mshono, inchi 1½ katika upindo, nasi twabakiwa na inchi 3 za kumsitiri mtoto.

Nguo kuungwa si aibu. Aibu ni binti kukosa masomo kwa ajili ya inchi 3. Kwaherini.