Misukosuko Inayozaa Nyota

Msikilizaji, wingu la gesi la Orion, lililo umbali wa takriban miaka-nuru 1,300, halijatulia hata kidogo. Gesi yake nyingi ni baridi mno, karibu nyuzijoto 260 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo sauti husafiri mita 200 hivi tu kwa sekunde. Gesi yenyewe hukimbia kilomita kadhaa kwa sekunde. Mikondo inapogongana, huzuka mawimbi ya mshtuko. Joto linalotokea hutoroka upesi kwa njia ya mnururisho, hivyo gesi haina nguvu ya kukataa kubanwa: mkondo wenye kasi mara 10 ya sauti unaweza kuongeza msongamano hadi mara 100. Eneo kubwa la wingu hubaki karibu tupu, na gesi hurundikana kwenye michirizi na mafundo machache.

Tusiidharau tofauti hiyo ya msongamano, kwani hutokana na misukosuko, yaani mikondo hiyo ya gesi inayogongana. Mwaka 1981 mwanaastronomia Richard Larson alionyesha kuwa kadiri wingu linavyokuwa kubwa, ndivyo misukosuko yake inavyokuwa na kasi. Misukosuko hiyohiyo inayosaidia kulizuia wingu zima lisiporomoke ndiyo inayotengeneza mafundo mazito, ambayo uvutano huyakaza yakawa nyota.