Mtu wa Kukuonyesha Kituo cha Basi

Hotuba ya walimu wa sekondari ya kambi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Siku hii huadhimishwa duniani kila mwaka tangu 2001, na kila mwaka hapa kambini tunasikia ngoma, mashairi na hotuba za wageni. Safari hii Kamati imetuomba sisi walimu tuzungumze juu ya wenzetu waliokwenda kuanza maisha katika miji ya mbali. Chuoni, tulikosomea ualimu kabla ya vita kututawanya, tulifundishwa kwamba somo zuri huanza na kitu kimoja ambacho darasa zima linakijua. Basi leo hatutazungumzia watu wote. Tutamzungumzia binti mmoja aliyekaa kwenye madawati yetu. Mama yake yupo hapa uwanjani, na ametupa ruhusa, mradi jina tusilitaje.

Binti huyu aliondoka hapa mwaka 2022, akiwa na miaka kumi na tisa, pamoja na dada yake mkubwa na shemeji yake. Faili la mama na mdogo wao wa kiume lilikuwa peke yake, likabaki nyuma. Walipelekwa Marekani, jimbo la Utah, mji wa Salt Lake City. Huwa anamtumia mama yake ujumbe wa sauti, naye mama hutuletea sisi tuusikilize pamoja, kwa sababu ndani yake kila mara kuna salamu za walimu.

Ujumbe wake wa kwanza ulitufurahisha sana. Alisema, "Walimu, ule mchoro wa mistari miwili mliotuchorea ubaoni, mmoja umelala na mmoja umesimama, ndio mji wenyewe!" Kumbe barabara nyingi za mji ule hazina majina, zina namba. Hesabu inaanzia kwenye kona ya uwanja wa hekalu kubwa la Wamormoni, katikati ya mji, kisha inakwenda mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Ukiambiwa 300 Kusini na 900 Magharibi, unajua umbali wako kutoka kwenye kona ile. Ila aliyezoea vijia vya bloki zetu anaweza kudanganyika, kwa maana kutoka 300 hadi 400 ni zaidi ya mita 200. Siku ya kwanza alidhani anakwenda nyumba ya tatu, akatembea nusu saa kwenye theluji na viatu vya wazi.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba huko mtu anafika na kukaa tu. Shirika la kuwapokea liliwatafutia nyumba, godoro na sufuria, likawasaidia kwa miezi michache ya mwanzo. Baada ya hapo kodi ya nyumba ilikuwa juu yao. Nauli ya ndege nayo ni mkopo. Hauna riba, lakini unalipwa kidogo kidogo, na malipo huanza karibu nusu mwaka baada ya kufika. Binti alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, zamu ya usiku. Alirudi asubuhi wakati dada yake anatoka. Alituambia kwamba katika miezi ile jambo lililomwumiza kuliko baridi ni kukaa wiki nzima bila mtu kumwuliza, "Umeamkaje?"

Aliyemwuliza wa kwanza alikuwa jirani wa ngazi ya juu, mama wa makamo, aliyebisha hodi na sahani ya biskuti mkononi. Hawakuelewana lugha. Mama yule alitoka naye, akapanda basi naye mpaka kazini, wakarudi, wakapanda tena siku ya pili. Siku ya tatu binti akapanda mwenyewe.

Jirani huyo ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi huwaita Wamormoni, ingawa wenyewe hupenda jina lao kamili. Binti alialikwa kanisani akakataa. Alialikwa tena, akakataa. Baadaye akasikia kwamba mjini humo liko tawi la kanisa hilo linaloabudu kwa Kiswahili, lenye Wakongomani na wengine wa pande zetu. Akaenda, alivyotuambia kwa kicheko, kusikia tu watu wakigombana kwa Kiswahili baada ya ibada. Mwaka wake wa pili akabatizwa.

Hapa, Mwenyekiti, tunapaswa kusema ukweli. Habari ilipofika kambini ilipokewa vibaya. Binti alikuwa mwimbaji wa kwaya hapa. Ikasemwa bombani kwamba amenunuliwa kwa magodoro, na kwamba ameingia dini ya wake wengi. Sisi walimu tuliosoma tulikuwa miongoni mwa waliosema. Ndoa ya wake wengi kanisa lile liliiacha rasmi mwaka 1890, na leo anayeoa wake wawili hufukuzwa. Hilo tungeweza kulijua kama tungeuliza. Na kuhusu magodoro, alitujibu kwa upole: godoro alilipewa na shirika siku ya kwanza, kabla hajamjua Mmormoni hata mmoja, na biskuti za jirani hazikukoma zile mara mbili alipokataa.

Maisha yake ya kila siku sasa ni haya. Kahawa hanywi, pombe hanywi, na chai ya majani hanywi, kwa kuwa ni mwiko katika kanisa lake. Mama yake alipolisikia hilo alishika kichwa akasema, "Chai ya asubuhi imemkosea nini mwanangu?" Jumapili ya kwanza ya mwezi anafunga milo miwili, na thamani ya milo hiyo inatolewa kwa wenye shida. Fungu la kumi anatoa, hata mwezi ambao kodi inabana, na hilo dada yake haliungi mkono. Kiongozi wa tawi lao hana mshahara wa kanisa. Katikati ya wiki ana kazi yake kama watu wengine. Kila mtu hupewa jukumu, naye amepewa darasa la watoto wadogo. Sisi tuliomfundisha tulifurahi kusikia kwamba anachora ubaoni kama sisi.

Dada yake amebaki katika kanisa lao la zamani. Jumapili asubuhi wanatoka nyumbani pamoja, wamevaa vitenge, wanaagana kituoni, kila mmoja na basi lake. Jioni wanasonga ugali pamoja. Tunawaomba viongozi wetu wa dini waliopo hapa waitafakari picha hiyo.

Si kwamba hajapata majeraha. Siku moja mwenzake kazini alimwambia kwamba kanisa lake liliwahi kuwabagua watu weusi. Alidhani ni uzushi. Akamwuliza mama mmoja Mwafrika wa siku nyingi pale tawini, naye hakumficha: kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka Juni 1978, wanaume weusi hawakupewa ukuhani, na weusi wote walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Binti alikaa wiki mbili bila kwenda kanisani. Alimpigia mama yake simu akilia. Mama, ambaye hajawahi kuwa wa dini ile, alimjibu, "Usikimbie bila kuuliza. Rudi uwaulize mbele yao." Alirudi, akauliza. Anasema majibu mengine yalimtosha na mengine mpaka leo hayajamtosha, lakini swali lake halikufanya afukuzwe.

Na sasa tufike kwenye tarehe 24 Julai. Siku hiyo ni sikukuu katika jimbo la Utah. Binti aliona maandamano barabarani, na ndani yake watoto wanavuta mikokoteni ya mbao iliyojaa mabunda ya nguo. Akauliza, hawa ni nani? Akaambiwa, ni babu zetu. Watu wale walifukuzwa jimbo la Missouri mwaka 1838, baada ya gavana kuamuru waondolewe au waangamizwe. Wakajenga mji mwingine, Nauvoo, katika Illinois. Kiongozi wao, Joseph Smith, aliuawa gerezani Juni 1844, na mwaka 1846 wakakimbia tena wakati wa baridi kali. Kundi la kwanza lilifika kwenye bonde la ziwa la chumvi Julai 1847, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, na wakati huo bonde lilikuwa bado ni la Meksiko. Walivuka mpaka kutafuta usalama, kama sisi. Mikokoteni ilikuja baadaye, 1856 hadi 1860, kwa maskini wasioweza kununua magari ya ng'ombe. Mwaka 1856 makundi mawili yalikamatwa na theluji njiani, wakafa watu zaidi ya mia mbili.

Binti alituambia kwamba alisimama pale barabarani akamwona mama yake, mwaka ule wa kukimbia, na bunda kichwani na mtoto mgongoni. Lakini kama walimu tuliongeza jambo moja tulipomjibu: bonde lile halikuwa tupu. Wenyeji, Wayuti na Washoshoni, walikuwepo, na wengi wao walipoteza ardhi. Mkimbizi naye anaweza kumkosesha mwingine nafasi. Tukikata kuni katika mashamba ya wenyeji waliotupokea, tulikumbuke hilo.

Ndugu zangu, mwaka 2024 faili la mama lilikubaliwa. Mahojiano yalikwisha, vipimo vikakwisha, tarehe ya safari ikapangwa: Februari 2025. Mama aliuza sufuria zake, akagawa kuku, akaagwa kanisani. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Mwezi Oktoba mwaka huo zikatangazwa nafasi 7,500 tu kwa mwaka mzima, nyingi zikiwa za wazungu wa Afrika Kusini. Mama alizisikia habari za safari yake kufutwa kisimani kutoka kwa mtoto, siku nne kabla ya kuitwa ofisini. Akarudi kwenye nyumba isiyo na sufuria. Majirani walimletea moja moja. Tunazo habari kwamba moja ilikuwa ileile aliyoiuza.

Kwa ajili hiyo tuna maombi matatu.

Kwa watumishi wa mashirika: habari mbaya ikija, tuambieni mapema, hata kama hamna jibu la kesho. Mtu anaweza kubeba ukweli mzito. Uvumi ndio unaomvunja mgongo.

Kwa vijana: tusikae juu ya sanduku. Binti huyu hakufaulu kwa sababu ya ndege. Namba za barabara alizijua kutoka ubao wetu, na kazi ya kufundisha watoto aliianzia katika shule ya awali ya kambi hii. Anayejifunza kushona, kujenga au kusoma hapa, hajapoteza siku, aende mbali, arudi nyumbani, au abaki.

Kwa sisi sote ombi ni hili. Katika kanisa la binti, wanawake wana chama chao cha kusaidiana, kilichoanza Nauvoo tarehe 17 Machi 1842. Kila mwanamke hupewa majina ya wanawake wengine wa kuwaangalia, na kwa kawaida huenda wawili wawili. Yule jirani wa biskuti alianza hivyo. Huhitaji kuwa Mmormoni kufanya hivyo. Tangu Februari 2025 tumepokea familia mpya nyingi kutoka Kivu, na wengine wamelala siku tatu bila kujua bomba liko wapi wala foleni ya kadi inaanzia wapi, huku sisi wa zamani tukiwatazama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, katika zile siku mbili tumempa nini?

Tunaiomba Kamati, kila bloki ichague akina mama wawili wawili, wa dini yoyote, wa kabila lolote, wamtembelee kila mgeni kabla ya wiki kwisha: wamwonyeshe bomba, zahanati, shule na ofisi, na wamwulize ameamkaje. Sisi walimu tutaandika majina na kutunza daftari. Jina la kwanza tumeshaliandika. Ni mama wa binti huyu, aliyetuambia jana usiku, "Mimi nimebaki. Basi niandikeni, nina miguu."