WAGENI WANAFUNZI: TUWAPE SOMO, TUSIUZE HURUMA

(Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Elimu ya Chama mbele ya wanachama. Imenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa kwenye mavuno siku ile. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.)



Jambo lililo mbele yetu ni dogo kwa maneno lakini ni zito kwa matokeo. Shule moja ya ng'ambo imetuandikia barua. Inaomba kuleta wanafunzi 14 na walimu 2, wakae nasi siku 6 humu kijijini. Barua inasema wanataka kujifunza mambo mawili: "uraia wa dunia" na "maendeleo endelevu". Jumamosi Mkutano Mkuu utapiga kura kama tuwapokee au tusiwapokee.

Tangu barua isomwe nimesikia maneno mengi njiani na kwenye mashine ya kumenya kahawa. Wako wanaosema, "Waje hata kesho, wazungu wana fedha." Wako wanaosema, "Wasije, watatupiga picha kama wanyama wa mbugani." Na wengi mmeniuliza, "Katibu, hayo maneno mazito maana yake ni nini hasa?" Basi nitaanza na hilo.

Mwaka 1987 Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Mama Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa taarifa juu ya mazingira na maendeleo. Kwa kifupi ilisema hivi: watu wa leo wapate mahitaji yao, lakini wasiwanyang'anye wajukuu uwezo wa kupata ya kwao. Hayo ndiyo maendeleo endelevu. Halafu mwaka 2015 mataifa yalipitisha malengo 17 ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Katika Lengo la 4, ambalo ni la elimu, imeandikwa kwamba wanafunzi wote wafundishwe maendeleo endelevu na uraia wa dunia. Ndiyo maana shule nyingi sasa zinafunga safari za namna hii.

Sasa mimi nauliza: nani kati yetu halijui jambo hilo? Tazama kihamba chako. Juu kuna mti mkubwa wa kivuli. Chini yake mgomba. Chini ya mgomba mkahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini, anakula majani ya mgomba, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Maji ya mfongo yanakwenda kwa zamu, na anayeiba zamu ya mwenzake anajua kitakachompata. (Kicheko.) Babu alikula katika kihamba hicho, nawe unakula, na mwanao atakula. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, huku huku kwetu Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye maana kwa dunia nzima. Kwa hiyo mwanafunzi akija huku ameingia darasani, na darasa hilo lina mwalimu. Mwalimu ni wewe mwenye kihamba.

Na uraia wa dunia je? Huo nao tunao, ila tuliupata bila kuuomba. Bei ya kahawa yetu ya arabika inafuata soko la New York, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa kikaoni. Mwezi Julai 1989 mgao wa mauzo katika Makubaliano ya Kimataifa ya Kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Wazee mnakumbuka. Wako waliong'oa mikahawa katika miaka iliyofuata wakapanda nyanya. Tena tazameni mlimani. Wataalam waliopima barafu ya Kilimanjaro waliona kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2000 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake ilikuwa imetoweka. Wanaolichunguza jambo hili wanataja kuongezeka kwa joto duniani na kupungua kwa mvua na theluji. Viwanda na magari yaliyochangia joto hilo si ya kijiji hiki. Basi, mtoto wa ng'ambo anayekunywa kahawa na mtoto wetu anayeichuma wamefungwa kamba moja, wapende wasipende. Uraia wa dunia ni kuijua kamba hiyo na kuuliza nani anaivuta.

Ndugu wanachama, safari hizi hazikuanza jana. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Donald Watt, aliwapeleka vijana wa kwao Ulaya, nia ikiwa kuishi katika nyumba za watu badala ya kuzunguka hotelini. Mwaka 1958 Mchungaji James Robinson alianzisha mpango wa Operation Crossroads Africa, vijana wa Marekani wakaja kufanya kazi bega kwa bega na vijana wa Afrika. Mwaka 1971 Canada ilianzisha mpango wa Canada World Youth. Katika huo, kijana wa Canada aliunganishwa na mwenzake wa nchi nyingine, wakakaa pamoja miezi kadhaa huku na miezi kadhaa kule. Huu wa mwisho ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu ndani yake kila mmoja alikuwa mgeni na kila mmoja alikuwa mwenyeji.

Lakini upande wa pili nao upo, wala sitauficha. Mwaka 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich, aliyekuwa anaishi Mexico, alizungumza na wanafunzi wa Marekani waliojiandaa kwenda vijijini huko Mexico kujitolea. Hakuwasifu. Aliwaambia waje kutazama, waje kusoma, waje kupanda milima, ila wasije kwa kisingizio cha kusaidia. Maana hawajui lugha, hawajui kazi, na mwanakijiji hana uwezo wa kuwaambia waondoke.

Maneno ya Illich si ya zamani tu. Mwaka 2014 binti mmoja Mmarekani aliandika habari ya safari yake ya shule hapa hapa Tanzania. Walikuja kujenga maktaba. Mchana wanafunzi walipanga matofali, na usiku mafundi wa mahali pale waliyabomoa yaliyopangwa vibaya wakayajenga upya, ili asubuhi wageni wasijue kwamba wameshindwa. Hebu fikirini, ndugu zangu! Fundi mwenye ujuzi anafanya kazi usiku kama mwizi, ili mtoto wa mwenzake asitahayari. Hapo nani alijifunza nini? Mwanafunzi alipewa picha ya ukutani. Fundi alifundishwa kunyamaza.

Na liko baya kuliko hilo. Katika nchi kadhaa biashara ya wageni kutembelea vituo vya yatima imewafanya watu kuwakusanya watoto ambao wazazi wao wako hai, ili mgeni aone huruma na kutoa fedha. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, ulizitaka nchi zizuie madhara ya namna hiyo. Huruma ikishakuwa bidhaa, mwenye nayo atataka umaskini udumu ili biashara isife.

Kwa hiyo Kamati yenu haisemi "Waje tu," wala haisemi "Wasije." Inasema: waje kama wanafunzi, nasi tuwapokee kama walimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunataka methali zote mbili zifanye kazi. (Makofi.) Tumeandika masharti matano, nayo ni haya:

KWANZA, ratiba ya masomo tuitunge sisi. Siku ya kwanza kihamba. Siku ya pili mfongo, kuanzia chanzo hadi shamba la mwisho. Siku ya tatu jembe, kila mgeni chini ya mkulima mmoja, na akikosea aambiwe kwamba amekosea. Siku ya nne vitabu vya Chama: tufungue leja, waone mkulima alilipwa kiasi gani kwa kilo moja, malipo ya kwanza na ya pili. Wao waje na bei ya kikombe kimoja cha kahawa mjini kwao, tupige hesabu pamoja ubaoni. Siku ya tano ni ya maswali yetu kwao. Siku ya sita watoe taarifa mbele ya wanachama juu ya waliyojifunza. Itafsiriwe kwa Kiswahili, na nakala ibaki hapa ukutani.

PILI, mgeni asijenge kitu ambacho fundi wetu angelipwa kukijenga. Wakitaka darasa lipakwe rangi, wachangie fedha, fundi wetu apake, nao wamshikie ndoo.

TATU, fedha zote ziingie katika akaunti ya Chama kwa stakabadhi. Kaya za kulaza wageni zichaguliwe kwa kura ya bahati kati ya zote zinazotaka, wajane wakiwemo, siyo nyumba za viongozi peke yao. (Makofi marefu.) Sehemu iende kwa kaya, sehemu kwa wanaofundisha, sehemu kwenye mfuko wa kijiji, na hesabu ibandikwe hapa ubaoni. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, vijiji kadhaa vya kaskazini, Ng'iresi kule Meru kikiwa kimojawapo, vilianza kupokea wageni kwa mpango ambao sehemu ya ada huingia katika kazi za maendeleo ya kijiji.

NNE, watoto wetu si maonyesho. Hakuna picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi. Hakuna kugawa peremende barabarani. Hakuna mgeni kuingia shuleni bila mwalimu wa shule kujua.

TANO, na hili naliona ni kubwa kuliko yote: wageni 14 wapate wenzao 14 wa hapa, wavulana na wasichana nusu kwa nusu, wafuate ratiba ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Na sehemu ya fedha iwasafirishe vijana wetu nao. Waende Lyamungu, ambako utafiti wa kahawa umefanywa tangu mwaka 1934. Waende Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho kimefundisha vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Waende na tambarare ya Lower Moshi wakawaulize wakulima wa mpunga wanapata maji kiasi gani, maana maji hayo yanatoka huku juu kwetu. Kijana asiyemjua jirani anayekunywa maji baada yake atamjua vipi mtu wa ng'ambo?

Mzee mmoja ameniuliza swali zuri: kama wageni hawa wanapenda mazingira, mbona wanakuja kwa ndege? Nami nasema tuwaulize wao siku ya tano. Mtu mmoja akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya hadi kwetu na kurudi, sehemu yake ya hewa ya ukaa inapita tani moja. Mtanzania mmoja kwa wastani, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, hafikishi nusu tani kwa mwaka mzima. Sisemi hivyo ili tuwafukuze. Nasema safari ya gharama hiyo lazima izae somo linalolingana na gharama yake. Kama ni kuja kupiga picha ya mgomba, basi wangetumiwa picha kwa posta. (Kicheko.)

Ndugu Mwenyekiti, liko jambo moja la mwisho ambalo si la wageni, ni letu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa wasomi tu, na kwamba mzee wake hajui kitu. Onyo hilo bado liko mlangoni kwetu. Vijana wengi hapa wanaona kihamba ni kazi ya aliyekosa kazi. Siku watakapomwona mgeni aliyevuka bahari amekaa chini mbele ya bibi yake, ana daftari, anauliza jinsi ya kuligawa shina la mgomba, huenda nao watakaa chini waulize. Faida hiyo haitaonekana katika leja, lakini mimi naiona ni kubwa kuliko ada.

Basi, Jumamosi tuje wote. Asiyekubaliana na sharti lolote asinung'unike njiani, asimame aseme. Masharti haya yakipita, tutaipelekea shule ile majibu kwa maandishi. Wakiyakubali, karibu sana. Wakiyakataa, tutajua kwamba hawakuwa wanatafuta shule, nasi hatujapoteza kitu. Mkutano ni saa nne kamili asubuhi, ghalani. Kila mwanachama aje na kadi yake.

Ushirika ni nguvu.