Heksani, Pareto na Dumu la Petroli: Namna Vitu Vinavyoyeyuka katika Viyeyushi Visivyo na Ncha

Ua la pareto likishakaushwa, sumu ya wadudu iliyomo, yaani pairethrini, ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni nyuzi, sukari, protini na nta. Kazi ya kiwanda, kama kilichoko Mafinga mkoani Iringa, ni kuitoa sehemu hiyo ndogo. Maji hayaiwezi kazi hiyo: huchukua sukari na kuiacha pairethrini palepale. Heksani, kimiminika chepesi kinachotokana na petroli, huiweza. Mada hii, inayowalenga walimu wa kemia wa sekondari, inaeleza ni kwa nini.

Darasani hufundishwa kwamba vinavyofanana huyeyushana. Kanuni hiyo husaidia kubashiri majibu ya mtihani, lakini haitaji sababu, na mwanafunzi mdadisi anastahili kuelezwa sababu.

Katika molekuli ya maji, oksijeni huvutia elektroni upande wake. Upande huo huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo, hivyo molekuli hushikana kwa nguvu, ncha kwa ncha. Heksani ina atomi 6 za kaboni na 14 za haidrojeni, nazo hugawana elektroni karibu sawa. Ncha hazipo. Basi molekuli zake hushikanaje hata ziwe kimiminika?

Jibu lilitolewa mwaka 1930 na Fritz London, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani. Elektroni hazitulii. Kwa kitambo kifupi mno huelemea upande mmoja wa molekuli, na molekuli ya jirani huitikia kwa kuelemea vivyo hivyo, kisha zote mbili huvutana. Mvuto huo ni dhaifu, lakini hukua kadiri molekuli inavyokuwa kubwa. Ndiyo maana methani yenye kaboni 1 ni gesi, na heksani huchemka kwenye nyuzijoto 69 za Selsiasi.

Sasa tuitazame pairethrini I. Ina kaboni 21, haidrojeni 28 na oksijeni 3. Oksijeni hizo chache hazitoshi kuipa urafiki na maji, kwani sehemu kubwa ya molekuli ni kaboni na haidrojeni tupu. Ikiingia katika heksani, mvuto inaoupoteza kwa kuachana na wenzake hufidiwa na mvuto wa namna ileile kutoka kwa heksani. Gharama ya nishati inakuwa ndogo sana. Kinachoamua ni mwelekeo wa molekuli kutawanyika na kuchanganyika, na mwelekeo huo hauna wa kuuzuia.

Watu husema maji huchukia mafuta. Si kweli, hata molekuli za maji na za mafuta huvutana. Tatizo ni kwamba maji yakiizunguka molekuli isiyo na ncha hulazimika kujipanga upya ili yasipoteze vifungo vyao vya haidrojeni, na mpango huo huyapunguzia uhuru wa kujigeuza. Kwenye joto la kawaida, hasara hiyo ndiyo kubwa. Chumvi nayo hukwama katika heksani kwa sababu nyingine: ioni zake zimeshikana kwa nguvu mno, na heksani haina ncha za kuzifidia zikiachana.

Heksani haichagui sana. Pamoja na pairethrini hubeba nta na rangi ya kijani ya majani, ndiyo maana dondoo ya kwanza huwa nzito na nyeusi, nayo husafishwa tena. Faida yake kubwa ni kuchemka mapema: huvukizwa bila kuiunguza pairethrini, ikakusanywa na kutumika upya.

Lakini kufanana pekee hakutoshi, na ushahidi uko katika kila dumu la plastiki la petroli. Dumu hilo ni polithini, nayo ni kaboni na haidrojeni kama petroli yenyewe. Mbona haliyeyuki? Minyororo yake ni mirefu mno na imepangana kwa kubanana kama fuwele. Kuivunja safu hiyo kunahitaji nishati, na minyororo mirefu hainufaiki sana kwa kutawanyika. Polithini huyeyuka katika zailini ya moto, yenye nyuzijoto zaidi ya 100.

Jaribio la kuonyesha haya ni rahisi. Punje ndogo ya ayodini ikitikiswa katika maji hutoa rangi hafifu ya manjano. Heksani kidogo ikiongezwa na kutikiswa tena, tabaka la juu hugeuka zambarau na maji ya chini hufifia. Moto usiwepo kabisa chumbani, madirisha yawe wazi, kwa kuwa mvuke wa heksani huwaka upesi, na kuuvuta kwa muda mrefu huharibu neva. Walimu wanaombwa walifanye jaribio hili kabla ya kuitaja kanuni, kisha wawaulize wanafunzi ni nini kilichoihamisha ayodini.