Mchungaji na Kazi Isiyo Yake

Mada kwa semina ya wachungaji, Bukavu



Nimeombwa niseme yale niliyojifunza katika utumishi. Mahubiri nayaacha kando. Kuhubiri tunajua sote, wengine kupita kiasi. Nasema juu ya wanaoletwa kwetu na shida ambazo dawa yake hatunayo.

Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia jinsi alivyofuatana na baba yake, angali mdogo, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakaondoka. Mwana akauliza: mimi nikiugua unaniombea na dawa unanipa, huyu mbona hukumpa? Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya mtoto. Mimi hunivutia yule baba. Angeweza kumkemea mwanawe kwa kukosa imani. Badala yake alitaja wazi kazi yake inapokoma, na uchungaji wake haukupungua kitu.

Katika vyumba vyetu vya maombi utamkuta mama amemlaza mtoto juu ya kitenge, homa inamchemsha, midomo imekauka, na bado watu wanafunga. Hapo siulizi habari za imani. Namwita motari wa pikipiki, mama na mtoto wanapanda, namwomba Mungu wakiwa njiani. Nauli inatoka kwenye sadaka. Mweka hazina hunung'unika, lakini hutoa.

Iko kazi ambayo daktari naye haifikii. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, imewatibu maelfu ya wanawake waliobakwa, na huko wanapata pia washauri na wanasheria. Ila mama akipona anarudi nyumbani, na nyumbani yuko mume. Huyo haendi kutafuta ushauri. Ukimtembelea atakupa kiti cha plastiki, atazungumza bei ya samaki wa sambaza, bei ya simenti, mvua, vita, kila kitu isipokuwa mkewe. Kunywa chai yake, urudi wiki ijayo. Siku atakapofungua kinywa, usikimbilie kumhimiza asamehe: mkewe hajamkosea, na ukitaja msamaha umeshamfanya mkosaji. Wala habari hiyo isigeuke ushuhuda wa Jumapili, hata bila kutaja jina. Mitaa yetu ni midogo.

Iko pia kazi ya kubaki. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyeuawa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, hakuwa na uwezo wa kuzuia jeshi lililokuwa linaingia. Kubaki na watu aliweza, akabaki. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, waumini walinipigia simu usiku: tukimbie au tukae? Niliwaambia mimi nipo wapi, na kwamba mlango uko wazi. La kukimbia kila baba na mama aliamua kwa ajili ya watoto wake, na aliyevuka mpaka sikumhesabu kuwa amepungukiwa imani.

Mchana tukigawanyika vikundi, kila mmoja aandike kituo cha afya kilicho karibu na kanisa lake, muuguzi anayepokea simu usiku, na motari anayekubali kulipwa kesho. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya chumba cha maombi, mahali ambapo hata mgeni ataiona.